Wizi wa Nyaraka za FBI wa Mwaka 1971 na Hoja ya Matokeo Mema

Usiku wa tarehe 8 Machi, 1971, kundi la watu wanane, likiongozwa na William Davidon, mwalimu wa fizikia, lilivunja ofisi ndogo ya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, katika mji wa Media, Pennsylvania. Nyaraka zaidi ya elfu moja zilichukuliwa, na nakala zikapelekwa magazetini. Mwanasheria Mkuu John Mitchell aliomba zisichapishwe; hata hivyo gazeti la Washington Post lilitoa habari zake tarehe 24 Machi.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Ilidhihirika kwamba wanafunzi weusi na wapinga vita vya Vietnam walipelelezwa kwa sababu ya maoni yao, si kwa makosa. Karatasi moja ilikuwa na neno COINTELPRO. Mwandishi wa habari Carl Stern aliliandama neno hilo hata mahakamani, ikabainika kuwa ni jina la mpango wa siri, ulioanza mwaka 1956, wa kuvuruga vyama na viongozi wao. Mwaka 1975 kamati ya Seneti chini ya Frank Church ilianza uchunguzi, na mwaka 1978 sheria ikaweka mahakama maalum ya kutoa vibali vya baadhi ya upelelezi.

Je, matokeo hayo yahalalisha wizi? Waswahili husema, siri ya mtungi aijuaye kata. Na watu wale hawakuwa kata. Walishuku, hawakujua. Lau makabati yangalikuwa na majalada ya wezi wa benki tu, kitendo kingalikuwa kilekile na nia ileile, ila sifa isingalikuwapo. Basi matokeo peke yake hayatoshi kuwa hoja.

Hoja yenye nguvu zaidi imo katika hali iliyotangulia kitendo. J. Edgar Hoover aliongoza idara hiyo tangu mwaka 1924, na kamati ya kudumu ya Seneti ya kusimamia ujasusi haikuundwa hata mwaka 1976. Raia aliyeshuku kwamba anachunguzwa hakuwa na mlango wa kubisha. Anayevujisha siri baada ya milango hiyo kuwekwa hana budi kuonyesha kwanza kuwa imefungwa.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa wizi wa Media, na baadhi ya wahusika walijitambulisha mwaka 2014. Kwa hiyo mahakama haikupata kuipima hoja yao. Matokeo yalithibitisha shaka yao tu. Haki, kama walikuwa nayo, iliwapasa wawe nayo kabla ya kuvunja kufuli.