Sanduku moja au kila chombo peke yake?

Watu wa Bijombo waliozoea redio ndogo wanapoanza kutafuta ampli, bafle na batri, kila kimoja peke yake, wanarudia swali la wazee. Mwaka 1949, katika nchi iliyo kusini mwa Ziwa Tanganyika ambayo leo ni Zambia, Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari, alipata kampuni ya Uingereza iliyokubali kutengeneza redio ya bei nafuu kwa Waafrika. Ganda lake lilikuwa la sufuria, ndiyo maana ikaitwa Saucepan Special. Redio iliuzwa pauni 5, na batri yake ilikaa nje, ikilipiwa peke yake pauni 1 na shilingi 5. Ilidumu saa 300 hivi. Ikiisha, unanunua batri, redio inabaki ileile.

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ilibadili hesabu. Ilikula umeme kidogo, mawe yakaingia tumboni mwa redio.

Kutenganisha kuna faida: ampli ikiungua, bafle zinabaki nzima, na fundi wa Uvira anatengeneza kimoja tu. Kanisani au kwa kinyozi, hiyo ndiyo njia. Kwa familia iliyoshuka milima kwa miguu ikikimbia vita, hapana, bado. Ampli, bafle na batri nzito huachwa nyumbani, na anayerudi mara nyingi havikuti. Redio ndogo hufungwa ndani ya kitenge, pamoja na nguo za watoto.