M-Pesa Ilivyofika Bukura

Siku hizi ukimtumia mtu mia mbili kwa simu, hata hufikirii mara mbili. Lakini kabla ya Machi 2007, mzazi wa Bukura, eneo la Kakamega, aliyekuwa na kijana wake Kibera, alingoja Posta, dereva wa basi, ama jamaa anayekuja nyumbani. Bahasha ikishaingia kwa dereva, hapo unaomba Mungu tu.

M-Pesa yenyewe haikuanza kwa ajili ya mzazi huyo. Majaribio ya Oktoba 2005, ya Safaricom, Vodafone na shirika la mikopo la Faulu, yalitaka watu walipe mikopo kwa simu. Wateja wakaipindua, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Kampuni ikawafuata.

Walijulia wapi? Mazoezi walikuwa washafanya. Walishakwaruza kadi na kuingiza namba ndefu, walishaflashi, walishamtumia mtu kredo. Kutuma pesa kulipita njia hiyohiyo: namba ya mtu, kiasi, kisha PIN. Kukhu asiyejua kusoma alimpa mjukuu simu pamoja na ile PIN ya siri. Siri gani tena hiyo?

Mapema 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara, simu ilikuwa kati ya njia chache zilizobaki za kupata pesa. Hapo hata mwoga alijifunza.

Mtafiti Olga Morawczynski, aliyefuatilia maisha ya Kibera na Bukura miaka hiyo, alikuta matumizi ambayo hakuna tangazo lililoyafundisha. Watu wa mjini walituma kidogo kidogo, lakini mara nyingi. Wanawake wa Bukura waliweka akiba kwenye simu, mbali na macho ya waume. Na wake wengine walikuwa na hofu: mume aliyekuwa akileta pesa kwa mkono wake sasa angeweza kukaa Nairobi miezi na miezi, akibonyeza tu.

Kwa hivyo ukisikia ati kifaa fulani "kinajieleza chenyewe", uliza watu walikuwa wakifanya nini kabla hakijafika. Mama wa Bukura alijua vitufe, sawa. Alijua pia kwamba pesa ikianza kusafiri peke yake, mwenye pesa anaweza kukosa sababu ya kurudi nyumbani.