Kuiga na Kurithi: Mhusika Anayejifunza katika Hadithi Shirikishi na katika Masimulizi ya Ikizu

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha mhusika anayejifunza kwa kuiga katika hadithi shirikishi za kompyuta na wahusika wa masimulizi ya asili ya Waikizu wa eneo la Nyamuswa, mkoani Mara. Hoja kuu ni kwamba kuiga humfikishia mwanafunzi tendo linaloonekana tu. Haki ya kulitenda hutoka kwingine, nayo huhitaji kanuni yake.

1. Kutoka kioo hadi mwanafunzi

Hadithi shirikishi ni matini ambayo msomaji huandika amri, na programu humjibu kwa kueleza kilichotokea. Adventure, iliyoanzishwa na Will Crowther katikati ya miaka ya 1970 na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977, ilimtembeza msomaji pangoni. Lakini viumbe wa humo hawakujifunza chochote kutoka kwake. Kabla ya hapo, mwaka 1966, Joseph Weizenbaum alikuwa ameeleza ELIZA, programu iliyomrudishia msemaji maneno yake kwa kugeuza nafsi: “yangu” ikawa “yako”. Huko kulikuwa kuiga bila kujifunza, kwa sababu mazungumzo hayakubadili kanuni za programu.

Hatua kubwa ilikuja na Inform, lugha ya Graham Nelson iliyotolewa mwaka 1993. Toleo lake la saba, la mwaka 2006, liliruhusu tendo zima kuhifadhiwa kama thamani: mtenda, kitenzi na vitu vinavyohusika. Kwa njia hiyo mhusika aliyeko chumbani hushuhudia tendo, hulitia katika orodha yake, kisha hulijaribu baadaye.

Sarufi ya Kiswahili inalieleza jambo hili vizuri. Kati ya “amepekecha moto” na “nimepekecha moto”, kinachobadilika ni kiambishi cha nafsi. Mzizi na yambwa hubaki. Programu nayo sharti ibadilishe mtenda, la sivyo mwanafunzi atamwamuru mwalimu arudie tendo badala ya kulitenda mwenyewe. Hata hivyo, kubadilisha nafsi hakutoshi. Mwanafunzi asiye na vijiti vya kupekechea atashindwa, na asiyejua lengo atapekecha moto kando ya moto unaowaka.

2. Moto na mvua katika Ikizu

Nyamuswa ipo katika nchi ya Ikizu, wilayani Bunda. Historia ya Waikizu iliandikwa kwa Kiswahili na P. M. Mturi na S. Sasora, ikachapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 2003 katika mkusanyo uliohaririwa na Jan Bender Shetler. Masimulizi ya asili yanamkutanisha Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma, na mwindaji Isamongo. Isamongo ana moto. Nyakinywa ana mvua. Utemi wa Ikizu, ambao kazi yake mojawapo kuu ilikuwa kuleta mvua, hujihesabu kutoka kwa Nyakinywa.

Ujuzi huu wawili haufanani. Kupekecha moto ni kazi ya mikono: anayetazama kwa makini anaweza kuirudia. Mvua ni tofauti. Mtazamaji anaweza kuiga ishara za mleta mvua zote bila kukosea, na bado asiwe mtemi, kwa kuwa utemi ni urithi.

Mwandishi wa programu atakayeyageuza masimulizi haya kuwa hadithi shirikishi atakabili uamuzi wa kihistoria. Akiweka sharti moja tu, yaani “mhusika ameona”, Isamongo atajifunza mvua baada ya kuitazama mara moja, na sababu ya kuwapo utemi wa Nyakinywa itafutika. Akiweka sharti la pili, “mhusika amerithi”, hadithi itabaki ya Ikizu. Kosa la hapo lingeonekana kuwa la kiufundi, lakini lingemnyang’anya mwanamke huyo nafasi yake ya mwanzilishi.

3. Hitimisho

Kiswahili hutenga kuiga, yaani kufuata tendo la mwingine, na kuigiza, yaani kulionyesha tendo hilo mbele ya hadhira. Masimulizi ya Ikizu yanadai dhana ya tatu, kurithi. Mhusika wa kompyuta ameshapewa uwezo wa kuiga na kuigiza. Kurithi bado kunasubiri kanuni itakayoandikwa na mtu anayezijua historia za mahali.