Wasiwasi Usiosajiliwa: Mawasiliano ya Waandishi wa Programu na Kupotea kwa Mars Climate Orbiter

Tarehe 23 Septemba 1999, chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipita nyuma ya sayari ya Mirihi na hakikusikika tena. Sababu inayotajwa madarasani ni ya hesabu. Programu ya ardhini ya mkandarasi, Lockheed Martin, ilitoa matokeo kwa pauni-sekunde. Wataalamu wa kuongoza njia katika maabara ya JPL, California, wakayachukua kuwa nyutoni-sekunde. Athari ya kila msukumo mdogo wa chombo ikahesabiwa pungufu kwa takriban mara 4.45, na chombo kilichopangwa kupita kwenye kimo cha kilomita 226 kikashuka hadi karibu kilomita 57. Maelezo haya ni sahihi, ila hayatoshi. Makala hii inadai kwamba kosa la vipimo lingeweza kusahihishwa miezi kadhaa kabla, na kwamba lililolinda kosa hilo ni namna watu walivyowasiliana.

Hati iliyoeleza muundo wa mafaili ya matokeo hayo iliagiza wazi vipimo vya metriki. Kwa hiyo aliyeandika hati alitimiza wajibu wake. Asiyesoma, au aliyesoma asithibitishe, hakuutimiza. Kwa miezi minne ya kwanza ya safari mafaili hayo hayakutumika kwa sababu ya kasoro za muundo, na mkandarasi akawa anatoa taarifa za misukumo kwa baruapepe. Yaliporekebishwa, haikupita wiki kabla ya takwimu kuonekana kutopatana. Yaani kosa lilionwa! Bodi ya uchunguzi ilibaini kuwa hata hapo timu ilitegemea baruapepe, ikauacha utaratibu rasmi wa kuripoti hitilafu.

Tofauti ya njia hizo mbili si ya urasimu. Baruapepe humfikia aliyeandikiwa, na kesho yake imefunikwa na nyingine. Ripoti ya hitilafu ina namba na mtu anayewajibika, na haifungwi mpaka jibu lipatikane. Kwa hiyo anayedhani tiba ni kuandika kwa wingi hajaelewa tatizo. Stadi inayotakiwa ni kueleza kilichoonekana, kilichotarajiwa na kinachoombwa, kisha kuyaweka hayo mahali ambapo hayawezi kupuuzwa.

Mawasiliano yasiyo ya maneno nayo yana uzito wake. Ana kwa ana, kusita kwa mwenzako au uso uliokunjamana hukuambia kuna jambo. Lakini ishara hizo hazisomeki sawa kila mahali. Kwetu, kijana kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu. Kiongozi wa timu anayedhani kimya hicho ni ridhaa atapitisha programu ambayo nusu ya timu inaitilia shaka. Kwa vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaofanya kazi na timu za ng'ambo, hali ni ngumu zaidi: kamera imezimwa, na alama ya dole gumba chini ya ujumbe haisemi kama mtu amekubali au ameona tu. Hapo sentensi moja iliyo wazi inahitajika, nayo haiji bila mazoezi.

Vyuo vyetu vinavyofundisha uandishi wa programu visahihishe ripoti ya hitilafu kwa ukali uleule vinaosahihishia msimbo, na mwanafunzi ambaye ripoti yake haieleweki asipewe alama za kufaulu.