Karatasi ya Webuye na Kalamu ya Mhakiki: Historia Fupi ya Mapitio ya Vitabu kwa Mwalimu wa Bungoma na Kitale

Utangulizi

Msafiri atokaye Eldoret kwenda Bungoma miaka ya themanini na tisini hakuhitaji kuambiwa kuwa amekaribia Webuye. Harufu ya kiwanda cha karatasi ilimlaki kabla ya mji wenyewe kuonekana. Kiwanda hicho, Pan African Paper Mills, kilianza uzalishaji mwaka 1974 na kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa mzalishaji mkuu wa karatasi nchini Kenya. Miti ya magharibi mwa nchi iligeuka karatasi, karatasi ikasafirishwa hadi Nairobi, na baadhi yake ikaturudia ikiwa vitabu na madaftari. Kiwanda kilisimama mwaka 2009, na mwaka 2016 kikapata mmiliki mpya.

Makala haya hayahusu karatasi. Yanahusu jambo lililofuata njia iyo hiyo. Magharibi mwa Kenya kumetoa karatasi, kumetoa waandishi na kumetoa wasomaji kwa maelfu. Hukumu juu ya vitabu, yaani kauli kwamba kitabu hiki ni kizuri, hiki kina kasoro, hiki kisomwe, aghalabu imetolewa kwingine. Tunanuia kuonyesha jinsi hali hiyo ilivyotokea na kwa nini inamhusu mwalimu wa Kiswahili pamoja na mtahiniwa wake.

Ni vyema tufafanue istilahi mbili kabla ya kuendelea. Mapitio ya kitabu ni andiko fupi linalomjulisha msomaji kitabu kipya, likaeleza kinachofanywa na kitabu hicho na kukipima bila kuogopa wala kupendelea. Mwongozo ni kitabu kinachomsaidia mtahiniwa kujibu maswali kuhusu kitabu kilichokwisha kuteuliwa. Mapitio huuliza, "Je, kitabu hiki kinastahili kusomwa?" Mwongozo hauulizi swali hilo kwa sababu wengine wamekwisha kulijibu.

Muhuri wa Kamati

Historia ya kuvipima vitabu vya Kiswahili kwa utaratibu rasmi yaweza kuanzishwa mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kazi yake mojawapo ilikuwa kusoma miswada na kuidhinisha iliyofuata Kiswahili sanifu, ili itumiwe shuleni. Kwa hiyo msomaji rasmi wa kwanza wa vitabu vya Kiswahili alikuwa mlinda lango. Alitazama tahajia na sarufi kwanza, sanaa baadaye, na katika miaka ya mwanzo alikuwa Mzungu.

Hata hivyo, tusiibeze Kamati hiyo. Ilikuwa na jarida, na jarida hilo lilikuja kuwa uwanja wa kazi zenye uzito. Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert ulichapishwa humo mwaka 1958. Jarida hilo ndilo asili ya jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo lina desturi ya kuchapisha mapitio ya vitabu.

Kamati ilihamahama. Kutoka Dar es Salaam ilihamia Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, halafu Mombasa, na hatimaye ikarejea Dar es Salaam ambako mwaka 1964 iligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Msomaji wa Bungoma atatabasamu akikumbuka kwamba reli iliyounganisha Nairobi na Kampala ilipita Webuye, enzi hizo ikiitwa Broderick Falls, kisha ikapita Bungoma kwenyewe. Ofisi ya uhakiki wa Kiswahili ilihama kutoka ncha moja ya reli hadi nyingine, nasi tulikuwa katikati, stesheni ya kupitwa.

Vitabu Kuhusu Sisi

Hali haikuwa tofauti katika taaluma pana ya masomo ya Kiafrika. Mjerumani Günter Wagner alifanya utafiti miongoni mwa Wabukusu na Walogoli katika miaka ya thelathini. Kitabu chake kuhusu Wabantu wa Kavirondo ya Kaskazini kilitoka London katika majuzuu mawili, mwaka 1949 na 1956. Mzee wa Bungoma aliyemweleza mtafiti mila za ukoo wake hakuwa na nafasi ya kusema katika jarida lolote, "Hapa umenielewa, hapa umekosea." Kauli hiyo, hata ingekuwa na thamani kuliko zote, haikuwa na ukurasa.

Baada ya uhuru, wenyeji walishika kalamu. Gideon Were alichapisha historia ya Abaluyia mwaka 1967, na F. E. Makila historia ya Wabukusu mwaka 1978. Twaweza kuvisoma vitabu hivyo kama mapitio yaliyochelewa, kwa kuwa jibu moja la kitabu ni kitabu kingine. Lakini si kila msomaji mwenye hoja anaweza kuandika kitabu kizima. Mapitio yalibuniwa kwa ajili ya mtu huyo, mwenye kurasa mbili za kusema na haki ya kuzisema.

Je, kitabu hupataje mapitio katika jarida la kitaaluma? Mchapishaji hutuma nakala bila malipo kwa mhariri wa mapitio. Mhariri humtafuta mtaalamu, mtaalamu husoma na kuandika, na mara nyingi mwaka mmoja au miwili hupita kabla ya andiko kutoka. Mchapishaji wa Nairobi ambaye bajeti yake haikumudu nakala za bure na gharama za posta hakuwamo katika mzunguko huo. Ndiyo maana Hans Zell alipoanzisha mwaka 1975 jarida la kuorodhesha na kupitia vitabu vilivyochapishwa Afrika, na wachapishaji wa Kiafrika walipoungana mwaka 1985 kuasisi African Books Collective ili vitabu vyao viuzwe kutoka Oxford, hatua hizo zilikuwa kubwa. Henry Chakava, mzaliwa wa Vihiga aliyeaga dunia mwaka 2024, alitumia maisha yake kupigania uchapishaji wenye mizizi nyumbani, na mwaka 1992 Heinemann ya Nairobi iligeuka kuwa East African Educational Publishers chini ya uongozi wake.

Walakini, njia zote hizo zilielekea nje. Zilikisaidia kitabu cha Nairobi kijulikane Oxford. Hazikumsaidia mwalimu wa Kitale kujua kitabu kipi kimetoka Nairobi.

Mwaka 1985 na Kuzaliwa kwa Mwongozo

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Mwaka 1989 watahiniwa wa kwanza wa KCSE walikalia mtihani. Ghafla kila shule ya upili, kuanzia Kimilili hadi Kwanza, ilihitaji mwalimu wa fasihi ya Kiswahili na kitu cha kumsaidia. Vitabu teule vikateuliwa Nairobi, na miongozo ikafuata nyuma kama tela.

Haki ya mwongozo isipuuzwe. Shule nyingi za mashinani zilikuwa na nakala moja ya riwaya kwa wanafunzi watano au zaidi. Kwa mwalimu asiyekuwa na maktaba, mwongozo ndio uliokuwa uhakiki pekee aliowahi kuushika mkononi. Hali kadhalika, miongozo mingi iliandikwa na walimu wenyewe, ikawa shule yao ya uandishi.

Lakini mwongozo ulileta mazoea. Mchapishaji huuandika ili uuzwe pamoja na kitabu, kwa hiyo ni nadra kusoma ndani yake kwamba sura fulani ni dhaifu au kwamba mhusika fulani hakuaminika. Maudhui, wahusika, mbinu, basi. Sisi wenyewe tumewahi kusahihisha insha za darasa zima, tukakuta tukio moja la riwaya limewekwa mahali pasipo pake katika karatasi zaidi ya ishirini. Chanzo kilikuwa kosa la mwongozo mmoja tusioutaja. Riwaya ilikuwa juu ya madawati yao na mwongozo ulikuwa vichwani mwao. Hakuna aliyeilinganisha miwili hiyo, na lazima tukiri kuwa hatukuwa tumewafundisha kufanya hivyo.

Mfano wa Ken Walibora

Mtu mmoja anatuonyesha pande zote mbili za jambo hili. Ken Walibora alizaliwa Baraki, Bungoma, akakulia Cherangany upande wa Trans Nzoia. Riwaya yake Siku Njema ilitoka mwaka 1996, ikasomwa na kutahiniwa katika shule zetu. Safari ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga kuja bara kumtafuta babake iliwafanya wanafunzi wengi wa huku waone kwamba Kiswahili kizuri chaweza kuandikwa na mtu aliyecheza katika vumbi kama lao. Kidagaa Kimemwozea, iliyotoka mwaka 2012, ilitahiniwa kuanzia mwaka 2013.

Walibora huyo huyo alikuwa mhakiki. Alipata shahada ya uzamifu Marekani, na mwaka 2009 makala yake kuhusu Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilitoka katika Research in African Literatures, jarida lililoanzishwa Marekani mwaka 1970. Tutafakari hapo. Msomi wa Bungoma anahakiki diwani ya Kiswahili iliyotungwa gerezani nchini Kenya na kuchapishwa Nairobi mwaka 1973. Uhakiki wenyewe uko katika Kiingereza, katika jarida ambalo maktaba ya shule ya Bungoma haikuweza kulilipia. Hatumlaumu hata kidogo, kwa kuwa taaluma hudai hivyo. Ila mwanafunzi aliyemjua Walibora kama mwandishi hakupewa nafasi ya kumjua kama msomaji wa vitabu vya wengine. Alipofariki Aprili 2020, wengi wa watahiniwa wetu waliomboleza nusu tu ya mtu waliyempoteza.

Mwalimu Aanzie Wapi?

Leo vizingiti vimepungua. Swahili Forum, jarida lililoanza Ujerumani mwaka 1994, husomwa bure mtandaoni. Vyuo vikuu vimesogea karibu, kwani Moi kiko Eldoret na Kibabii kilipata hati yake mwaka 2015 papo hapo Bungoma. Uhakiki wa Fasihi wa K. W. Wamitila (2002) na Nadharia za Uhakiki wa Fasihi wa R. M. Wafula na Kimani Njogu (2007) vimempa mwalimu istilahi anazohitaji. Kilichobaki ni desturi.

Tunapendekeza jambo dogo. Kila muhula darasa lisome kitabu kimoja kisichotahiniwa, na kila mwanafunzi aandike mapitio ya ukurasa mmoja. Aeleze kitabu kinahusu nini bila kusimulia chote. Aseme mwandishi alinuia nini, amefaulu wapi na ameteleza wapi, akitoa ushahidi kutoka kitabuni. Amalizie kwa kusema nani akisome. Mwalimu naye aandike lake na kulituma kwa mhariri wa jarida.

Mtahiniwa atauliza: je, zoezi hili litaniongezea alama katika 102/3? Jibu letu ni ndiyo, lakini hilo si jibu kubwa. Swali la fasihi linalomtaka athibitishe kauli kwa mifano humfaa aliyezoea kutafuta ushahidi mwenyewe. Jibu kubwa ni kwamba kitabu kisichoteuliwa, kisipopata mtu wa kukitaja, hufa kimya hata kama ni kizuri. Huenda mwandishi wake yuko Sirisia au Endebess, akingoja kusikia kama kuna aliyemsoma.

Hitimisho

Tumeona kwamba mapitio yalianza kama muhuri wa Kamati, yakawa shughuli ya majarida ya mbali, kisha nafasi yake shuleni ikachukuliwa na mwongozo. Katika hatua zote tatu, mwalimu wa Bungoma na Kitale alipokea hukumu iliyokwisha kupikwa. Karatasi ilitoka kwetu ikarudi ikiwa imeandikwa. Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema, lakini hawezi kutuzwa iwapo watazamaji wanangoja kuambiwa na wageni kama amecheza vizuri. Mwalimu anayekisoma kitabu kipya na kukipima kwa haki mbele ya wanafunzi wake tayari ni mhakiki. Alichobakiza ni kuandika.