Wadi ya watoto wachanga: Yanayomsubiri muuguzi mpya

MUUGUZI aliyehitimu majuzi na kupangiwa zamu katika wadi ya watoto wachanga mahututi hugundua upesi kwamba mengi aliyozoea kwa wagonjwa wazima hayamfai hapo. Mgonjwa wake huenda ana uzito wa kilo moja tu, mishipa myembamba kama uzi, wala hawezi kusema panapomuuma.

Nchini Kenya, sharti kwanza awe amefuzu stashahada ya miaka mitatu au shahada ya miaka minne, apite mtihani wa Baraza la Wauguzi na kupewa leseni. Wenye shahada huongeza mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini.

Wengi huingia humo wakiwa na ujuzi wa jumla. Utaalamu huja baadaye, kupitia kozi kama ile ya siku tano ya ETAT+ kuhusu huduma za dharura kwa watoto, au stashahada ya juu ya uuguzi wa watoto.

Adui wa kwanza ni baridi. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na joto lake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, sukari mwilini hupungua na kupumua huwa kwa shida. Kofia ya sufu si pambo.

Dawa ndizo humtoa jasho mgeni. Kila dozi hukokotolewa kwa uzito wa mtoto, na kiasi kinachohitajika kinaweza kuwa 0.3 ya mililita. Nukta ikisogea hatua moja, mtoto hupewa mara kumi ya kipimo.

Ndiyo maana hesabu hukaguliwa na wauguzi wawili kabla ya sindano kudungwa. Baadhi ya wanaoanza kazi huona haya kuuliza, ilhali muuguzi mkongwe huona afadhali kuulizwa mara ishirini usiku mmoja kuliko kukuta kosa asubuhi.

Hata oksijeni ni dawa yenye kipimo. Ikizidi, inaweza kuharibu macho ya njiti. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa Marekani mwaka 1950 kabla ya wakati wake, alipofuka kwa maradhi hayo. Kwa hivyo mashine inayoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu hutazamwa kinapopanda kama kinaposhuka.

Kisha kuna mama. Anayeanza kazi hukodolea macho mitambo, akamsahau mwanamke aliyesimama mlangoni akiogopa kumgusa mwanawe. Huyo ndiye mwenye maziwa, ambayo hukamuliwa na kupitishwa kwa mpira mwembamba kila baada ya saa mbili au tatu.

Kifua chake pia ni tiba. Mbinu ya kangaruu, ambapo mtoto hufungwa kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa kuwa inkubeta zilikuwa haba. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza ianzishwe mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla ya hali ya mtoto kutulia.

Uhaba wa wauguzi ndio mtihani mkubwa zaidi. Uingereza, kanuni ni muuguzi mmoja kwa mtoto mmoja aliye mahututi. Katika hospitali za umma nchini, mmoja anaweza kuachiwa watoto zaidi ya kumi kwa zamu moja, na hulazimika kuamua nani atangulie: asiyepumua vyema, kisha aliyepoa, kisha anayesubiri maziwa. Kunawa mikono baina ya mtoto na mtoto hakuna budi, hata foleni iwe ndefu kiasi gani, kwani viini husafiri kwa vidole vya mhudumu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Utafiti wa 2008-09 ulikuwa umepata 31.

Baadhi yao humfia muuguzi mikononi. Aliyelia chooni na kurudi kazini bila kuzungumza na yeyote hachukui muda kabla ya kuomba uhamisho.

Wapo pia wanaohamishwa bila kuomba. Katika hospitali nyingi wauguzi huzungushwa toka wadi hadi wadi, na mara nyingi anayeondolewa ndiyo kwanza mkono wake umezoea kupata mshipa wa njiti. Anayetaka kubaki ni heri amjulishe msimamizi mapema, tena kwa maandishi.