Jamaa aliyeuza nchi isiyokuwepo: utapeli wa nyumba za ughaibuni haukuanza na intaneti

Wadau, kila ikikaribia Septemba vijana waliopata vyuo Uingereza au Ujerumani huanza kuhangaikia chumba. Na kila mwaka wapo wanaotuma hela ya pango, wakifika na mabegi yao wanakuta anakaa mtu mwingine kabisa. Tunasema ni mambo ya intaneti. Wapi! Turudi nyuma miaka mia mbili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1820 aliibuka London jamaa mmoja wa Scotland, askari aliyepigana vita vya uhuru wa Venezuela. Akajitangaza mtawala wa nchi iitwayo Poyais, kwenye pwani ambayo leo iko Honduras. Hati ya ardhi kutoka kwa mfalme wa pwani ile alikuwa nayo kweli, ila nchi aliyoisimulia haikuwepo.

Sasa ona alivyojipanga. Kilitoka kitabu cha kurasa zaidi ya 300 kikisifia rutuba na mji mkuu, St Joseph. Akachapisha noti za Poyais, na watu wakabadilisha pauni zao halali wapewe makaratasi. Akafungua ofisi za kuuza viwanja.

Septemba 1822 meli ya kwanza iliondoka na watu kama 70. Januari 1823 ikafuata ya pili na karibu 200, wakiwemo wanawake na watoto. Walipofika, hakuna mji, hakuna bandari. Pori tupu. Mvua ikaja, homa ikaja, chakula kikaisha. Meli iliyopita ndo ikawaokoa kuwapeleka Belize, lakini zaidi ya nusu walikufa. Waliorudi Uingereza hawakufika 50.

Cha kushangaza, baadhi ya walionusurika walimtetea! Walisema wa kulaumiwa ni wasaidizi wake. Yeye alishahamia Paris, na huko akaanza upya kuuza Poyais kwa Wafaransa. Akashitakiwa, na mwaka 1826 akaachiwa huru.

Linganisha na leo. Kitabu chake ndo zile picha kali za chumba zilizoibwa kwenye tangazo la mtu mwingine. Noti zake ndo mkataba wa PDF wenye mhuri. Hati yake ya kweli ndo nakala ya pasipoti anayokutumia "mwenye nyumba" ili umwamini. Na silaha kubwa ni ileile: umbali. Mnunuzi hawezi kwenda kuangalia.

Tofauti ni kwamba wewe una namna ya kuangalia. Mtafute Mtanzania aliyeko mji ule akagonge huo mlango. Omba uoneshwe chumba kwa video ya moja kwa moja, siyo iliyorekodiwa. Zitafute picha zake mtandaoni uone kama zimetumika kwingine. Uliza ofisi ya makazi ya chuo chako.

Na ijue sheria ya kule. England, kwa nyumba nyingi za kupanga, tangu 2007 amana lazima ihifadhiwe kwenye mpango unaotambuliwa na serikali. Tangu 2019 haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida, na hela ya kushikilia chumba haizidi ya wiki moja. Ujerumani amana ni miezi mitatu tu, tena una haki ya kuilipa kwa awamu tatu, ya kwanza upangaji unapoanza. Kwa hiyo anayetaka amana ya miezi sita leo jioni kwa sababu "kuna mwingine anakitaka", huyo hata sheria ya kwao haijui.

Na ukishapigwa, usinyamaze kwa aibu. Toa taarifa benki na polisi siku hiyohiyo, halafu waambie wenzako. Yule wa Poyais alipata nafasi ya pili kwa sababu aliowaliza walimsafisha.